Sita Nzito ya Ama

Carrollton, Jumatatu 8 Septemba 2025

Nimeanza kazi mpya ya kutunza mzee leo, na kabla sijasahau niandike: nyumba ni safi na mteja harushi vyombo. Asante Yesu. Yule mzee niliyekuwa namtunza Mansfield alinirushia sahani ya mayai siku mbili kabla ofisi hawajanihamisha, na doa bado liko kwenye sweta.

Mteja wangu sasa ni Bibi Ung, miaka themanini na mmoja, Mchina aliyezaliwa Kambodia. Kiharusi kilimpiga mwaka jana, mkono wa kulia ukalala na haujaamka tena. Kumbukumbu nayo inaondoka polepole. Anaishi na mwanawe, Bwana Ung, mwenye duka la donati, ambaye hutoka kabla hakujapambazuka. Kwa hiyo kuanzia saa moja asubuhi hadi saa tisa ni mimi na bibi tu. Hapa wote wanamwita Ama, ndiyo "bibi" kwa Kiteochew, lugha yao ya nyumbani, na Bwana Ung amesema nami nimwite hivyo. Ama ana Kiingereza cha maneno kama thelathini. "No" na "again" anayatumia zaidi kuliko mengine yote.

Sebuleni kuna kitu kirefu kimefunikwa shuka la maua. Nilidhani ni meza ya kupigia pasi.

Jumanne 9 Septemba

Donati sita. Nitanenepa.

Ijumaa 12 Septemba

Joto la kukaanga mtu. Nilipokuwa namchana nywele Ama alianza kuimba kwa sauti ndogo, maneno yaleyale saba au nane yakizunguka, huku mkono wa kushoto ukibonyezabonyeza pajani. Nikadhani anahesabu. Nikamsaidia: one, two, three. Aliniangalia vile mwalimu mkuu humwangalia mtoto aliyechelewa.

"No," akasema.

Jumamosi 13 Septemba

Leo nimefanya ovataimu, na nimekutana na mjukuu. Anaitwa Linna, ana miaka ishirini na sita, ni mfamasia, anakaa Houston upande wa Sharpstown. Kila baada ya wiki mbili ana-drive saa nne kuja kumwona bibi yake. Ama humwongelesha Kiteochew, Linna humjibu Kiingereza, kama tu watoto wetu kanisani.

Alifunua lile shuka. Kumbe ni chombo cha muziki, guzheng: nyuzi ishirini na moja, kila uzi umekalia kijiti chake cha mbao. Mkono wa kulia unadonoa nyuzi kwa kucha za bandia zilizofungwa kwa plasta. Wa kushoto unabonyeza uzi ng'ambo ya kijiti ili sauti ipande. Linna alipiga kidogo, Ama akakaza macho, nami nikasahau sufuria jikoni mpaka uji ukamwagika.

Baadaye tulipokuwa tunasugua jiko akaniambia, "Anti, kule si kuhesabu. Ni muziki. Ndivyo walivyofundishana zamani, kwa mdomo, kwa namba. Mbili mpaka nane."

"Mbona hakuna moja?"

"Nilimwuliza nikiwa na miaka minane, akanipiga vidole."

Tukacheka, kisha akaacha kucheka. Ama alifundisha watoto wa Kiteochew kule Houston alipokuwa akiishi huko, miaka ishirini na miwili, kila Jumamosi, kwenye ukumbi wa chama chao. Wengine wote walipiga mpaka wakaingia chuo, wakaacha. Linna mwenyewe aliacha akiwa na miaka kumi na mitatu kwa sababu ya mpira wa kikapu. Kuna wimbo mmoja mrefu, sehemu nne, ambao Ama alipewa na shangazi yake kwa namna ya ukoo wao, na hakuna karatasi yoyote ulimoandikwa. Linna anajua sehemu ya kwanza tu. Chama kina karamu yao ya majira ya baridi tarehe 21 Desemba, na anataka kuupiga wote pale.

"Ama akiwa bado anaujua," alisema, akaanza kulia mbele ya sinki. "Nisipouchukua sasa, Anti, hakuna atakayeuchukua. Nimechelewa miaka kumi na mitatu."

Nilimwambia aurekodi kwa simu. Ati wamejaribu. Ama akiona simu anadhani wanapigia mtu, anasema haloo, haloo, na kuuliza habari za dada yake aliyefariki. Halafu anayokumbuka anayakumbuka asubuhi, siku za wiki, wakati Linna yuko kazini na mimi ndiye niko hapa.

Jumatano 17 Septemba

Nimeipata! Nimeipata mwenyewe, bila mtu!

Mimi ni alto. Kwaya ya Nkubu kule kwetu, miaka kumi na moja, mwalimu alitufundisha sol-fa, do re mi, kwa kiboko mpaka leo nikisikia kengele ya lifti naijua do yake. Leo nilinyamaza nikasikiliza Ama vizuri. Nne yake ni do. Tano ni re, sita ni mi. Mbili na tatu ziko chini, so na la, na saba na nane ni hizohizo juu. Nikachukua daftari la mazoezi la dola moja nikaandika: d, r, m, kama nyimbo za ibada. Kisha nikamwimbia kutoka kwenye daftari.

Ama alinishika shavu. Sijashikwa shavu tangu mama afariki.

Jumatatu 29 Septemba

Sehemu ya pili imekwisha. Linna anasoma sol-fa yangu kwa picha ninazomtumia, nilimfundisha kwa simu dakika ishirini tu. Akili anayo.

Jumanne 7 Oktoba

Mvua ya kwanza ya maana. Leo hakuimba.

Jumatano 8 Oktoba

Leo hakuimba. Aliniita kwa jina la mtu mwingine na akakataa kuoga. Nilikula donati nne kwa hasira.

Alhamisi 9 Oktoba

Ameimba! Sehemu ya tatu, nusu. Nimeshusha pumzi mpaka Ama akaniuliza kwa ishara kama naumwa.

Kuna mahali sauti yake inayumba. Sita akiiimba huku mkono ukibonyeza paja haiwi mi, inapanda kuelekea fa lakini haikai sawasawa juu ya fa. Tatu ya kubonyezwa nayo inakwenda kwenye ti, haifiki. Ni uzee, pumzi haitoshi. Naandika f na t, safi.

Jumatatu 20 Oktoba

Leo aliimba sehemu ya nne yote, mara moja tu, bila kusimama, dirishani. Niliandika mbio mbio hata mkono ukashikwa na ganzi. Imekamilika! Sehemu zote nne ziko kwenye daftari la dola moja. Nimempigia Moraa, anayeongoza kwaya yetu hapa, nikamwambia nimeokoa muziki wa Kichina. Akasema, "Kathure wewe, kwani uliitwa?" Wivu huo.

Jumamosi 25 Oktoba

Sitaki hata kuandika, lakini nisipoandika sitalala.

Linna alifika saa nne asubuhi, amefanya mazoezi wiki nzima, amevaa kucha zake. Mimi nimemkalisha Ama vizuri na shali yake mpya. Bwana Ung amewahi kurudi kutoka dukani makusudi. Sote tumekaa kama watu wanaongoja bibi harusi.

Sehemu ya kwanza, Ama anaitikia kwa kichwa. Ya pili ikaanza. Hapo akaacha kuitikia. Akakunja uso. Linna akaendelea, na kusema kweli mimi nilisikia uzuri mtupu, kila noti imekaa mahali pake kama viti vya kanisani. Ya tatu haijafika katikati Ama akainua mkono wa kushoto akaulaza wote juu ya nyuzi. Pap.

"Church," akasema.

Kisha akasema mengi kwa Kiteochew na akageukia ukutani. Bwana Ung alitoka nje. Linna akaniuliza, polepole sana, "Anti, sita ile alipoibonyeza, ulisikia fa kamili?"

"Karibu na fa."

"Karibu?"

"Haikuwa imefika sawasawa. Nikairekebisha."

"Ile ndiyo sita nzito, Anti. Haitakiwi kufika. Ndiyo wimbo wenyewe." Akaanza kuvua kucha, moja moja, plasta ikilia. "Umemrekebisha bibi yangu."

Nilijibu vibaya. Nilimwambia basi aache kazi yake ya vidonge aje Carrollton aandike mwenyewe, mimi si Mchina, na hata aliyeacha muziki kwa sababu ya mpira si mimi. Maneno yalinitoka na nikatamani kuyarudisha mdomoni. Linna alisema nizitupe karatasi zote za lile daftari. Aliondoka kabla ya chakula. Saa nne za barabara kuja, saa nne kurudi, kwa sababu ya sikio langu la kujifanya.

Nimeona aibu, na aibu yenyewe imechanganyika na hasira, sijui ipi inaniuma zaidi.

Jumapili 26 Oktoba

Mazoezi ya kwaya baada ya ibada. Dada mmoja mpya wa Kongo, Orpa, aliimba ubeti wa mwanzo namna wanavyoimba kwao, sauti ikiteleza mahali. Kabla sijajua nimeshamwimbia sikioni kwa nguvu ili apande. Moraa akasimamisha kwaya.

"Kathure, mwache. Wewe ukisikia mtu ameteremka kidogo unampandisha hata akiwa analia msibani."

Watu walicheka. Mimi sikucheka. Wiki sita Ama aliniimbia nyumba yake nzima, nami nikapita nyuma yake nikinyoosha kuta.

Jumatatu 27 Oktoba

Nilimwomba Ama msamaha. Hakukumbuka kosa lolote, akanipa nusu ya donati yake. Msamaha wa hivyo haunitoshi. Nikampigia Linna saa ya chakula na kuomba wa kweli. Alijibu, "Ile ya mpira ilikuwa kweli, Anti." Akasema ataendelea kuja. Nilikaa kwenye gari dakika tano nikimshukuru Mungu.

Karatasi sijazitupa. Nilizishika juu ya pipa nikashindwa.

Jumanne 4 Novemba

Baridi imeingia ghafla kutoka kaskazini. Nimetoa sweta, lile la doa.

Leo nilifunua guzheng, nikamsogeza Ama upande wa kushoto, nikadonoa uzi wa ile sita yake kwa kidole changu kisicho na kucha. Mkono wake wa kushoto ukaenda wenyewe. Ukabonyeza. Sauti ikapanda, ikatetemeka, ikakaa pale ambapo mimi nilikuwa naiita kosa.

Aki, ni mahali kabisa. Si njiani kwenda fa. Nilidonoa tena na tena, na kila mara alirudi palepale, mwanamke asiyejua leo ni siku gani.

Halafu akanishika mkono, akaweka vidole vyake vitatu juu ya ngozi yangu, akabonyeza. Hivi, nyepesi. Hivi, zaidi. Hivi, na kuachia polepole. Nikajiuliza nitaandikaje kitu hicho. Ni vile unavyobonyeza parachichi sokoni kujua kama limeiva. Basi nikaandika hivyohivyo juu ya kila herufi: parachichi gumu, parachichi la kesho, parachichi la leo. Linna amepata picha, amenitumia sauti yake akicheka mpaka anakohoa. Lakini ameelewa. Jioni alinipigia simu akapiga sehemu ya pili, nikasikia kile kitu.

Jumamosi 8 Novemba

Linna anadonoa, Ama anabonyeza. Watu wawili, chombo kimoja, mikono miwili. Wakimaliza mstari, Linna anaurudia peke yake. "Again," Ama anasema. "Again." Mistari kumi na minne leo. Bwana Ung alisimama mlangoni na unga wa donati kwenye nyusi.

Jumamosi 15 Novemba

Linna amebadilishana shifti ili aje kila wiki. Sehemu ya pili na ya tatu sasa ni za kweli. Ama hakulaza mkono kwenye nyuzi hata mara moja. Imebaki ya nne.

Jumatatu 17 Novemba

Leo hakuimba.

Jumanne 18 Novemba

Leo hakuimba. Nilimwanzishia noti sita za sehemu ya nne. Alinitazama kwa adabu, kama mgeni anayesikiliza habari za watu asiowajua.

Ijumaa 21 Novemba

Leo hakuimba. Nikidonoa, mkono wake unakaa mapajani tu. Daktari amemwambia Bwana Ung kwamba mambo mengine yakiondoka hayarudi. Linna akiuliza kwa simu nasema bado, bado. Nimechoka kusema bado. Aliimba sehemu ya nne mara moja maishani mwangu, na mimi nikaiandika kikanisa. Najichukia kidogo, na naandika ili niache.

Alhamisi 27 Novemba, sikukuu ya Shukrani

Ofisi wamenipa ofu lakini nilikwenda na chapati, maana Linna aliniomba. Mvua kubwa tangu asubuhi. Ama hakumjua Linna. Alimwita Siev, jina la yule dada yake aliyekufa, na akamgombeza kwa Kiteochew mfululizo. Linna alianza kumjibu Kiingereza. Ama akazidi kukasirika: Siev gani huyu anaongea hivi? Basi Linna akajibu kwa Kiteochew chake cha kuungaunga, mara ya kwanza nimsikie. Ama akatulia.

Nikasaidia kuosha vyombo, nikamfikiria huyu mama. Wimbo haukumbuki, mjukuu hamkumbuki. Lakini kugombeza bado anajua. Mwalimu hawezi kuvumilia kosa! Hata awe amelala, hata awe na homa, ukikosea mbele yake ataamka. Mimi mwenyewe niko hivyo, na imeniponza.

Nikakimbia kwenye gari katika mvua nikaleta zile karatasi za Oktoba.

"Piga hizi," nikamwambia Linna. "Sehemu ya nne. Piga vibaya vilevile nilivyoandika."

"Anti, hizi si ulizitupa?"

"Piga tu, mama."

Alipiga. Mstari wa kwanza, viti vya kanisani. Ama akakunja uso. Wa pili, akasema "No." Wa tatu alisogeza kiti chake mwenyewe kwa miguu, mkono wa kushoto ukapanda juu ya nyuzi, ukashuka kwenye sita na kuibonyeza chini. Linna akadonoa tena. "No." Akabonyeza zaidi, akaachia polepole. "Again." Nami nimepiga magoti sakafuni na kalamu: parachichi la kesho, parachichi la leo, hapa hakuna, hapa refu.

Kila nilipokuwa nimekosea alinikamata. Hakuacha hata moja. Mahali alipokuwa hajui nini kinafuata, tulipiga kosa langu, na papo hapo akajua. Bwana Ung alileta chai, ikapoa. Tulianza baada ya chakula na tukafika noti ya mwisho taa za barabarani zikiwaka. Alipokubali ya mwisho aliomba kitu kitamu.

Linna aliniangukia shingoni. Tulilia kama wajinga, yeye na mimi, na Bwana Ung akatazama mvua dirishani kwa muda mrefu sana.

Jumamosi 6 Desemba

Sehemu zote nne, mwanzo mpaka mwisho, bila mkono wa Ama. Kasoro mbili. "No" mbili.

Jumamosi 13 Desemba

"No" moja. Ama ana mafua.

Jumatatu 15 Desemba

Mafua yameisha. Afadhali.

Houston, Jumapili 21 Desemba

Bwana Ung amefunga duka leo, kitu ambacho hakifanyi, na ametuendesha sote. Ama alilala kuanzia Corsicana. Ukumbi wa chama ni wa kawaida, uko nyuma ya maduka, meza za mviringo, watoto wanakimbizana, wazee wanapiga kelele kama wazee wetu kwenye mchango wa harusi. Walitupa bakuli za madonge madogo ya unga wa mchele katika maji matamu ya tangawizi. Nilikula mbili. Wazee kadhaa walikuja kumsalimu Ama kwa heshima, wanamwita Mwalimu. Aliwaitikia wote, hakumjua hata mmoja.

Linna alipopanda jukwaani nikaona anafunga plasta, anaifungua, anaifunga tena. Nilimwombea kwa Kimeru, ndiyo lugha ninayoitumia jambo likiwa kubwa.

Akapiga. Sitajaribu kueleza. Sehemu ya kwanza watoto walikuwa bado wanapiga kelele, ya pili wakanyamazishwa, ya tatu hakukuwa na wa kunyamazishwa. Sita nzito ilikuja, ikakaa mahali pake, na sikio langu halikutaka kumpandisha mtu yeyote. Nilikuwa nimemshikilia Ama mkono wa kushoto. Nilingoja uinuke. Sehemu ya nne nzima niliungoja, kila mahali nilipokuwa nimeharibu mimi, na mkono ulikaa mkononi mwangu umetulia, una joto.

Watu walipiga makofi wakasimama. Linna alikuja moja kwa moja mezani kwetu, kucha bado vidoleni. Ama alimtazama kutoka juu hadi chini, kwa makini, kama mtu anayemwona binti huyu kwa mara ya kwanza. Akamwuliza jambo. Bwana Ung akaninong'onezea kila neno.

"Binti, nani amekufundisha wimbo huu?"

Linna akajibu kwa Kiteochew. "Mwalimu mmoja mzee, Ama."

"Ni mkali?"

"Mkali sana."

Ama akaitikia kwa kichwa, ameridhika kabisa.

"Basi mheshimu," akamwambia. "Wengine hujibakizia kidogo. Huyu amekupa wote."

Linna akapiga magoti palepale kati ya viti, akaweka kichwa mapajani kwa bibi yake, na Ama, asiyejua huyu ni mtoto wa nani, akampapasa nywele kwa mkono wake mzima.

Mimi nikaenda kutafuta tishu za sote.